Nukta Nyekundu

Aliviweka vitatu juu ya kaunta, pale Birere,
taratibu, kama mtu anayepanga mayai:
cha njano, cheusi, na cha buluu
kinachojua kuongea na simu.
"Hiki mita ishirini. Hiki arobaini.
Hiki, mama fundi, mia moja kamili!"

Mita mia.
Nikamuuliza ni nani Goma hii
aliyeniagiza sebule ya mita mia.
Nyumba zangu ni za mbao, Ndosho,
nne kwa tano, zimekaa juu ya lava
kama kuku juu ya mawe,
hakuna pembe inayokubaliana na mwenzake.

Nikakitoa cha buluu nje, jua la saa sita,
nikalenga ukuta wa ng'ambo.
Nukta ikapotea kama chumvi mchuzini.
"Jioni inaonekana," akasema.
Jioni, ndugu yangu, msumeno umeshalala.

Nacho hula umeme kwa waya.
Nikamuuliza: umeme wa nani? Akacheka mwenyewe.
Cha njano hula betri mbili nyembamba,
zile za rimoti, utazipata hata kwa Mama Nzigire
kati ya sabuni na sambaza.
Na kimevaa raba pembeni. Nilikigusa hapo kwanza,
kwa sababu hapa kitu kikiponyoka mkononi
hakiangukii udongo.

Alitaka dola thelathini na tano.
Nilitoka dukani mara mbili.
Ishirini na nane.

Sasa nisikilize, Mumbere, na usicheke.
Kazi ya kwanza ilikuwa dari ya Muhindo.
Nilikibana ukutani, nikabonyeza, nikasoma, nikakata.
Mbao tisa. Zote tisa fupi,
na ufupi ni uleule: sentimita kumi na moja na nusu.
Wewe ulitazama juu ukaanza kuhesabu mabati.
Nikachukua kipimo cha kukunja cha baba,
kile kilichokosa pingili ya mwisho,
nikakipima kifaa chenyewe, kichwa hadi mkia.
Kumi na moja na nusu.
Kumbe kilikuwa kinahesabu kutoka kwenye paji la uso
nami nimekisimamisha kwa kisigino.
Kuna kitufe cha kumwambia aanzie wapi.
Mbao tisa, Mumbere. Zimekuwa viti.

Kwa hiyo ukinunua chako, uliza hilo kabla ya bei.
Na kwa ulimi na tundu kiache mfukoni;
milimita mbili kwake ni kitu kidogo,
kwa mguu wa meza ni kilema.
Hapo bado ni penseli, kisu, na jicho lako.

Penye miti hapana wajenzi, husema watu.
Baba alijibu: basi penye mawe tumejaa.
Yeye alipima kwa shibiri, kwa dhiraa,
akathibitisha kwa kile kipande cha kukunja
alichokimbia nacho ndani ya shati
mwaka ule mlima ulipoteremka mjini.
Karakana ilibaki Murara, chini.
Randa, jiko la gundi, mlango mmoja wa kanisa
uliokuwa unangoja bawaba.

Ndiyo maana jana nilikupeleka kule, alfajiri,
kabla jua halijala nukta.
Nilisimama palipokuwa benchi lake,
nikalenga palipokuwa mlango.
Kifaa kikafikiri. Kikafikiri tena.
Kikaandika vistari vinne.
Mwanga nao unataka kitu cha kugonga
ndipo urudi na habari.

Nikakwambia: simama pale. Zaidi kidogo. Hapo.
Fumba macho, isikuingie.
Nukta ikatua kwenye kifungo cha pili cha shati lako,
ikatetemeka kwa sababu ulikuwa unapumua.

Mita sita, sentimita arobaini na mbili.
Andika.